Ati 7,500 kwa taa za ngazi tu?

Wiki hii nimetumiwa voisi noti ya dakika nne na mteja wa Mkomani, hapa Lamu, ati nimemuibia, manake balbu dukani ni shilingi 150 na mimi nimemtoza 7,500 kwa ngazi ya mamake. Na si wa kwanza, kwa hivo acha niandike mara moja nisirudie rudie.

Jamani ile bei si ya balbu. Nyumba zetu za mawe mwazijua, kuta nene, madirisha madogo, na ngazi hakuna kidato kilicho sawa na chenzake. Mtu wa miaka 60, mwanga unaofika ndani ya jicho ni kama theluthi ya ule wa kijana wa 20, mboni imepungua na lenzi imeingia umanjano. Sasa wewe wasimama pale wasema "mbona paonekana", paonekana kwako wewe.

Watoto wapenda kununua balbu moja ya wati 30, nyeupe ya kuumiza, waning'iniza katikati bila kava wajua wamemaliza. Mzee mmoja wa Langoni aliwekewa hio na mwanawe, na ana mtoto wa jicho, mwanga ukawa wamchoma akawa aizima akae kiza, kusema aona haya kwa vile ni zawadi. Siku moja kabla ya alfajiri akashuka kutawadha, kidato cha mwisho kikamponyoka, mkono ukavunjika. Piga hesabu eksirei na plasta, halafu bado nikaitwa mimi.

Mimi naweka swichi mbili, juu na chini, asitafute swichi kizani. Taa ndogo nazificha chini chini zimulike ukuta wa chokaa, ukuta ndio urudishe mwanga, hakuna kinachompiga mtu machoni. Chumbani ni balbu za manjano, kwenye boksi soma 2700K au 3000K, ile nyeupe ya 6500K usiku yaudanganya mwili kuwa bado mchana na usingizi wakimbia. Waya zapita kando ya boriti, sichimbi mawe ovyo, na holda ya bei rahisi hapa chumvi yaila upesi sana (nina ndoo nzima ya zilizooza, njoo uone). Hio ni kazi ya siku mbili.

Kuna bibi aliacha kusoma msahafu, wanawe wakamnunulia miwani mara mbili. Nilipoingia nikaona taa iko nyuma yake, kivuli chake mwenyewe chaangukia ukurasa. Nikageuza kiti. Sikutoza kitu, nilikunywa kahawa nikaenda zangu.

Na asubuhi mtoeni mzee akae dakani, pale baraza ya mlangoni, apate mwanga wa jua, wamsaidia kulala usiku, hio haina bei.

Ndugu wa voisi noti, mamako kanipigia jana ataka na taa ya chooni. Ni 2,500, holda isiyoingia maji imo humo.