Ratiba imetoka, niandalie godoro

Mpendwa Mama Tumaini,

Mbukwa! Hamjambo huko Babati? Watoto wameizoea shule mpya, na Baba Tumaini mgongo umemwachia? Huku sisi wazima, ila upepo huu wa Septemba hautupi nafasi. Ukianika shuka jeupe saa nne, saa sita unaanua la kahawia. Bibi wa Chamwino anakusalimu, halafu anauliza sufuria yake kubwa. Mimi nimemwambia sijui kitu, utamjibu mwenyewe.

Najua tangu mhame sijakutafuta, na ningepiga simu ungeanza kunisema kabla sijamaliza salamu, ndiyo maana nimeona niandike. Nina shida na wewe. Ratiba ya Ligi Kuu ya msimu huu wa 2025/26 imetoka, na timu yetu ya Dodoma Jiji watakuja hapo kwenu kucheza na Fountain Gate, uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Nitakuja. Siji peke yangu: nitakuja na Elia, na dada Rehema wa saluni, na Yona bodaboda ambaye hajaalikwa ila ameshajialika. Tunahitaji pa kulala usiku mmoja. Chakula tutakuja nacho, usihangaike, labda chai tu asubuhi.

Tarehe sikuandikii. Bodi ya Ligi ikitoa tarehe, iandike kwa penseli. Msimu huu timu 4 zinakwenda kimataifa: Simba na Yanga Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars Kombe la Shirikisho. Zikisafiri, mechi zao za ligi zinasogezwa, na viporo, yaani mechi za kuchezwa baadaye, vinaanza. Oktoba 29 ni uchaguzi, Desemba 21 AFCON inaanza Morocco na inaisha Januari 18, Taifa Stars wapo, kwa hiyo na hapo ligi itasimama. Kama huamini, kumbuka dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8 mwaka huu wa 2025. Watu walishafika Dar, wengine walishapaka rangi usoni, mechi ikaja kuchezwa Juni 25! Baba Elia mpaka leo ukitaja hiyo tarehe anatoka nje kwenda kuangalia kuku.

Sasa watu wa mtaani kwetu wakishika ratiba, kidole kinakimbilia Simba na Yanga. Tunakutana nao lini, hapa au kule. Mimi nimewaambia wanaangalia pasipo na kitu. Hebu hesabu na mimi. Ligi ina timu 16, mechi 30, nyumbani 15. Toa hao wanne wa kimataifa, nyumbani zinabaki mechi 11. Coastal, Prisons, KMC, Mashujaa, Namungo, JKT, Pamba, Fountain Gate, TRA United, na hao waliopanda, Mbeya City na Mtibwa. Hizo 11 ndizo ligi yetu sisi. Tukishinda 8 tu pale uwanjani kwetu Jamhuri tuna pointi 24, na kila pointi tuliyopata hapo tumemnyima mtu tunayegombania naye nafasi. Simba akitufunga, hajatushusha daraja. Anayetushusha ni yule wa kiwango chetu aliyekuja Jamhuri akaondoka na suluhu.

Suluhu, Mama Tumaini! Hapo ndipo roho inaponiuma. Bora nifungwe mbili moja nimepiga kelele kuliko kukaa juani tangu saa kumi jioni nikiangalia mpira unapigwa pembeni, unarudi nyuma, unaenda kwa kipa, kipa anautuliza. Tunafika hadi karibu na boksi kama watu waliofika mlangoni kwa mkwe, tunaanza kusubiri nani aingie kwanza. Mimi siyo kocha, nauza vitenge, lakini nina macho. Winga akipata mpira, ndani ya boksi kuna mtu wetu mmoja na mabeki watatu. Krosi ikipigwa ya juu, upepo wetu huu unaubeba mpira hadi upande wa pili. Timu ya Dodoma ingetakiwa iwe bingwa wa krosi za chini! Wageni ndio hawaujui huo upepo, sisi tunaishi nao.

Ninachotarajia mbele msimu huu si kikubwa. Sitaki mfungaji bora. Ingawa... nikifikiria Geita Gold napata tamaa. Unamkumbuka George Mpole? Msimu wa 2021/22 alifunga 17, akampita Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16, na Geita wakamaliza nafasi ya nne wakaenda Shirikisho. Timu ya mkoani! Siyo kwamba Mpole alikuwa mchawi, ni kwamba wenzake walijua wakiupata mpira waupeleke kwa nani. Halafu yeye akaondoka, na mwaka 2024 Geita wakashuka na Mtibwa. Kwa hiyo Yona anaponiambia tukisajili straika mmoja mkali tumemaliza, namuuliza, akiuzwa Januari? Mimi naomba mtu mmoja wa mabao 10 na viungo wawili wa mabao matano matano. Wakipatikana hao, lala salama, zile mechi za mwisho wa msimu, nitaangalia nimekunja nne.

Yona anasema nyumbani tupaki basi, yaani wote turudi nyuma kulinda, tuvizie kaunta. Nimekataa. Ugenini sawa, ukiwa Chamazi kwa Azam au kwa Yanga paki hata treni, lakini Jamhuri unaanza kushambulia tangu filimbi ya kwanza. Mgeni ametoka Kigoma au Ruangwa, miguu bado ina safari, wewe unampa nusu saa apumzike? Nusu saa ya kwanza ndiyo ya kumsumbua. Baada ya hapo jua linapungua, na yeye anaanza kujisikia yuko kwao.

Na safari zetu sisi je? Dar haina neno siku hizi, treni ya SGR ipo. Lakini Mbeya tunakwenda mara mbili, Prisons na Mbeya City, Kigoma kwa Mashujaa, Ruangwa kwa Namungo. Hiyo ya Ruangwa mwenzio inanitia baridi. Februari mwaka huu basi la timu lilipopata ajali huko Lindi wakirudi kutoka kwa Namungo, wewe ndiye uliyenipigia, nikakaa chini pale pale dukani. Mechi na Simba ikasogezwa hadi Machi, wakacheza, na matokeo unayajua, siandiki idadi kwenye karatasi yangu nzuri. Watu walicheka. Mimi nilisema vijana wametoka kwenye ajali juzi, mnataka wakimbie kama nani? Tangu hapo ratiba nikiishika, naangalia barabara kwanza, mpinzani baadaye. Ukifunga safari ndefu namna ile, ukirudi nyumbani una mechi nyingine, anayechoka wa kwanza ni mtu wa mbele. Beki akichoka anapiga mpira popote. Straika akichoka anachelewa hatua moja, na hiyo hatua ndiyo bao.

Viporo navyo ni hivyo hivyo. Unakaa wiki mbili hujacheza kwa sababu mwenzio yuko angani anakwenda kimataifa, halafu unaletewa mechi mfululizo. Wenye vikosi viwili wanabadilisha, sisi wa kikosi kimoja tunasukuma yule yule hadi msuli unakataa. Sijui kwa nini hili halisemwi redioni, wao ni Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku.

Ninaongea sana, najua. Ila kuna jambo nimeliweka kifuani. Siku Yanga wakija Jamhuri, sisi ndio wageni, unakumbuka? Jukwaa zima kijani na njano, na watu wenyewe ni wa Majengo, wa Chang'ombe, wa Kikuyu, nawajua hadi madeni yao. Wakija Simba ni nyekundu, na mbele kabisa ni mume wangu. Anasema moyo una vyumba viwili. Nimemwambia chumba cha Simba akilale siku hiyo hiyo. Sisi wa Dodoma Jiji, Walima Zabibu, tunabaki tumejibana pale kona na ngoma moja, na ngoma yenyewe ya kuazima. Bao letu likiingia husikii kitu, unasikia watu wakiguna. Mshambuliaji wa nyumbani anafunga, uwanja wake unaguna! Halafu tunataka awe na moyo wa kufunga 10?

Msimu uliopita si tulipumua tu? Mchujo wa kubaki ligi wakacheza Prisons na Fountain Gate, Kagera Sugar na KenGold wakashuka moja kwa moja. Kagera, timu tuliyoizoea miaka yote ile! Nikawaza, kumbe hakuna mwenye kiti chake hapa. Hao Fountain Gate walipona kwenye mchujo, kwa hiyo ukiwaona hapo sokoni wamenyamaza usiwadharau, watakuwa na hasira.

Haya, nijibu haya yote usiruke hata moja. Godoro lipo au tuje na mkeka? Baba Tumaini atakubali Yona alale sebuleni, au bado ana kinyongo cha ile pikipiki? Kwaraa tiketi mnakata mlangoni au kwa simu, na jukwaa lenye kivuli ni upande gani? Uwanja wenyewe nyasi zikoje, mpira unatembea chini au unaruka ruka? Umeshawaona Fountain Gate wakicheza, beki wao wa kushoto anapitika? Na hili la mwisho ndilo la maana: Yanga wakija Dodoma utakuja, na ukija utavaa jezi gani? Usinijibu "tutaona". Kitambaa cha kijani kichwani na jezi ya Jiji mwilini sitaki tena, ulinitia aibu.

Zabibu nitakuletea kilo tatu, kama mavuno haya ya mwisho hayajaisha. Ya sufuria mpigie Bibi kabla sijafika, maana atanituma nayo na mimi kwenye basi sibebi.

Wako,
Mama Elia
Chang'ombe, Dodoma