Wake wenza sita jukwaani

London, Jumapili usiku

Mama,

Asalaam aleikum. Najua barua hii utasomewa barazani, Mama Mdogo yuko pembeni anachambua mchele, na msomaji ni mpwa wangu. Kwa hiyo salamu ni zenu nyote, pamoja na majirani watakaojifanya wamekuja kuomba moto. Mimi mzima. Baridi imepungua, kazi ni ile ile ya kuwaamsha wazee wa watu, kuwaogesha na kusikiliza habari za ujana wao. Hela ya mabati ya jikoni sijaisahau, nitaifikia.

Ninachotaka kuwasimulia ni kwamba Alhamisi nilikwenda kuwatazama wake wenza sita wakigombana kwa nyimbo.

Tiketi alinikatia mwenzangu wa kazini, kama shukrani, maana nilimshikia zamu tatu alipouguliwa na mtoto. Nilipoiona bei nikaigeuza haraka kichwani kwa shilingi yetu: mabati manne, ya geji nzuri, na nauli ya boda inabaki. Nikanyamaza. Zawadi haihesabiwi mbele ya mwenye kuitoa.

Ukumbi unaitwa Vaudeville, uko barabara ya Strand. Ni wa zamani, una nakshi kila pembe, na viti vyake havifiki mia saba, kwa hiyo hata ukikaa nyuma unaona jasho la waimbaji. Onyesho linaitwa SIX. Walilitunga vijana wawili, Toby Marlow na Lucy Moss, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na mara ya kwanza lilichezwa Edinburgh mwaka 2017. Limefika mpaka Broadway, New York. Kule lilipangwa kuzinduliwa tarehe 12 Machi 2020, na siku hiyo hiyo kumbi zote za Broadway zikafungwa kwa sababu ya korona. Mavazi yameshashonwa, wageni wamealikwa, mlango unafungwa! Wakasubiri hadi Oktoba 2021.

Nilitegemea mchezo kama ile tuliyokuwa tukiiona Kampala: kochi, meza, mume anaingia amelewa, mke anafoka, watu wanavunjika mbavu. Hapa hakuna kochi wala mume. Ni konseti. Taa zinakupiga machoni, bendi ya wanawake wanne imejipanga nyuma, na mbele wamesimama wanawake sita wenye maikrofoni, nguo zinametameta kama magamba ya samaki. Dakika 80, bila mapumziko.

Hao sita walikuwa wake wa mfalme wa Uingereza, Henry wa nane, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1547. Hakuwaoa kwa pamoja kama Mzee wetu, alimaliza mmoja akachukua mwingine. Watoto wa huku hufundishwa kuwakumbuka kwa kibwagizo, na mimi kwa Kiswahili nakiweka hivi: kaachwa, kakatwa kichwa, kafa, kaachwa, kakatwa kichwa, kabaki. Jukwaani wanashindana. Kila mmoja anaimba masaibu yake, na atakayeonekana ameteseka kuliko wenzake ndiye awe kiongozi wa bendi.

Mama Mdogo, najua umeshaacha kuchambua mchele.

Sasa watazamaji. Huku watu wakiwa ukumbini hukaa kama msikitini wakati wa hotuba. Wana ugomvi mkubwa kabisa kuhusu nani aruhusiwe kuimba na nani anyamaze. Aprili 2023, kule Manchester, onyesho moja lilikatizwa na polisi wakaitwa kwa sababu baadhi ya watazamaji waligoma kuacha kuimba pamoja na mwimbaji. Polisi, kwa sababu ya kuimba! Kwa hiyo nilikaa nimebana magoti. Kumbe hili la malkia lina sheria zake. Kabla hata taa hazijawaka kulikuwa na wasichana wamevaa taji na sketi za kumeta, wamejishonea wenyewe. Santuri ya nyimbo hizi ilitoka tangu 2018, kwa hiyo wengi wameingia wakiwa wamehifadhi kila neno. Mbele yangu alikaa mtoto, labda miaka kumi, taji lake la karatasi ngumu. Hakutoa sauti hata mara moja. Midomo tu ilikuwa ikienda, neno kwa neno, hata zile pumzi anazovuta mwimbaji kati ya mistari alikuwa anazivuta naye. Lakini wimbo ukiisha, lo! Utadhani uko uwanjani Namboole na Cranes, timu yetu ya taifa, wamefunga bao dakika ya tisini.

Mke wa kwanza, Catherine wa Aragon, aliyekaa kwenye ndoa miaka 24 kisha akaambiwa ndoa yenyewe haikuwa halali, alishangiliwa na wanawake wa umri wako, Mama. Niligeuka nikawaona. Walikuwa wanapiga makofi huku wametoa videvu mbele. Wa tatu, Jane Seymour, aliyefariki siku chache baada ya kujifungua, aliimba taratibu, na kwa mkupuo mmoja akapandisha sauti mpaka nikahisi kwenye meno. Mkono wangu ukafungua pochi peke yake. Nilishatoa noti ya pauni tano, nimeinuka nusu, nakwenda kumtuza. Mwenzangu akanidaka kifundo cha mkono. “Unakwenda wapi?” Nikakaa. Huku hawatuzi. Ukimpelekea mwimbaji noti mkononi watakutoa nje ukidhaniwa una wazimu. Nilimwonea huruma yule dada, kuimba vile na kurudi nyumbani bila hata noti moja iliyobandikwa kwenye paji la uso.

Wa nne ndiye aliyeniponza. Huyu Anna alitoka Cleves, Ujerumani, akaolewa Januari 1540 na kuachwa Julai. Onyesho linasema ni kwa sababu sura haikulingana na picha ambayo Holbein, mchoraji wa mfalme, aliyetumwa kumchora, alirudi nayo. Lakini talaka yake ilikuja na majumba na fedha, na wimbo wake wote ni wa kujitapa: nakula, nalala, naamka nitakapo, hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nikapiga kigelegele. Si kile cha adabu, kile cha kwetu Bombo, cha bi harusi anatolewa ndani. Vichwa vinne vikageuka mara moja. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mwenye mvi, alikuwa amekunja mikono tangu mwanzo kama mtu anayesubiri daktari, na yeye akanitazama. Anna kule juu akaelekeza kidole upande wetu. Basi ukumbi mzima ukajaribu kupiga vigelegele, na sijapata kusikia kitu kibaya kama hicho. Walikuwa kama kuku walioingiliwa na kicheche. Lakini mzee akakunjua mikono.

Mpwa wangu, kuanzia hapa soma polepole.

Wa tano ni Katherine Howard, aliyekatwa kichwa Februari 1542 akiwa binti mdogo. Wimbo wake unaanza kwa madeko. Anawacheka wenzake, anahesabu wanaume waliompenda, na watu wanacheka naye. Mwanamume wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa muziki, na Katherine mwenyewe angali mtoto. Bado watu wanacheka. Kiitikio kinarudi, kile kile, maneno karibu yale yale, ila kila kikirudi wale wenzake watano wanamshika zaidi: bega, kiuno, nywele, kidevu. Wanamsogeza kama nguo mnadani. Kicheko kikaanza kukatika safu kwa safu. Kuna mtu mmoja juu kule ghorofani alichelewa, akacheka peke yake, akajisikia, akanyamaza. Mama wa yule mtoto mwenye taji alimvutia bintiye begani, na midomo ya mtoto ikaacha kwenda. Wimbo ulipoisha makofi hayakuja mara moja. Hapo ndipo nilipojua wamesikia.

Lakini si kila kitu kiliniridhisha. Mwishoni mke wa sita, Catherine Parr, anawaambia wenzake waache kushindana, kwamba watu wanawajua kwa ajili ya mwanamume mmoja tu, na kila mmoja alikuwa mtu kabla yake. Ukumbi ukalipuka. Ni wale wale waliokuwa wakishangilia kila kijembe saa nzima, sasa wanashangilia suluhu, kwa sauti ile ile. Nami nilikuwa mmoja wao. Kisha wakaruhusu simu zitolewe kurekodi wimbo wa kufungia, taa elfu zikawaka, na Katherine Howard akawa anaruka ruka kama hakuna lililotokea.

Nilikumbuka shule ilivyotupeleka Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, kabla ya moto wa 2010. Wanne wamelala pale, na wanawake wamekaa mikekani wakiwatunza kama wake zao, kwa zamu, waume wenyewe wamekufa zamani. Huku mfalme haonekani hata kivuli na wake zake wamejaza ukumbi. Na hakuna aliyekamatwa kwa kumcheka. Nikamwaza Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza Jumba la Maonyesho la Taifa pale Kampala, aliyetunga mchezo wenye mfalme ndani yake. Mwaka 1977, enzi za Idi Amin, alirudi kutoka tamasha la Lagos, akakamatwa, akauawa. Mzee hakupenda jina hilo litajwe wakati wa kula. Mama, unajua kwa nini, na mimi siku hizi nadhani najua.

Tukitoka, yule mzee mwenye mvi alinishikia mlango. Akasema muziki ulikuwa juu mno kwa masikio yake, halafu akasema shuleni walifundishwa kuwahesabu wale wanawake kwa jinsi walivyoondoka tu. Akaniuliza ile sauti niliyoipiga inaitwaje. Nikamfundisha neno. Akalirudia mara tatu mpaka kituo cha basi, “kigelegele, kigelegele,” akakosea zote.

Ndani ya basi sikuwa nawawaza malkia. Nilikuwa naiwaza ile asubuhi baada ya arobaini ya Mzee, Mama Mdogo alipovuka uani na jiko lake la mkaa na sufuria juu, akaliweka karibu na lako. Miaka yote ile mlikuwa na majiko mawili, zamu mbili, hata chumvi mbili. Tulisimama dirishani tukingoja matusi. Wewe ukasema, “Sogeza kidogo, moshi unaniingia.” Akasogeza.

Mabati nitatuma manane, si manne, maana jiko la watu wawili haliezekwi nusu. Fundi asidanganye kuhusu misumari.

Na kuna jambo nawaomba. Kwenye harusi ya dada, usiku wa doluka, ile ngoma yetu ya Kinubi, kina mama walipowasukuma ninyi wawili katikati mkaimbiana ule wimbo wa vijembe, ule wa sufuria. Mstari wako, Mama, ninao. Wa Mama Mdogo alivyokujibu umenitoka kabisa, na nimeutafuta tangu Alhamisi. Mwambieni mpwa auandike kwenye simu anitumie. Video ya malkia nimeshamtumia, ila Shangazi asioneshwe, nguo ni fupi.

Mwanenu