Malalamiko Kuhusu Ziara ya "Viwanja Vyote vya Juventus" Mjini Turin

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Safari na Ziara za Michezo.

YAH: KUTOTIMIZWA KWA ZIARA YA VIWANJA VYA JUVENTUS

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyelipia nafasi mbili, yangu na ya baba yangu mzazi, katika ziara ya siku moja mliyoitangaza kwa Kiswahili kwa ajili ya Waafrika Mashariki waishio Ulaya na wageni wao. Kipeperushi chenu kiliahidi kwamba tungepelekwa kila mahali ambapo Juventus, klabu ya soka ya Turin, Italia, imewahi kuwa na makao, kwa kufuata miaka, tukiwa na kiongozi anayeijua vyema historia ya klabu. Tulichopata ni kupitishwa kwa basi, saa mbili na ushei ndani ya duka la jezi, na maelezo ambayo mengi hayakuwa ya kweli.

Tulipopita Corso Re Umberto, bila kusimama, kiongozi alitueleza kwamba klabu ilianzishwa na familia ya Agnelli, wenye Fiat, na kwamba ndio waliochagua rangi nyeusi na nyeupe. Juventus ilianzishwa tarehe 1 Novemba 1897 na vijana wa shule ya Massimo d'Azeglio, waliokuwa wakikutana kwenye benchi katika barabara hiyohiyo tuliyokuwa tukipita. Fiat yenyewe ilizaliwa 1899, kwa hiyo klabu ni kaka yake kwa miaka miwili. Jezi za mwanzo zilikuwa za waridi; mwaka 1903 Mwingereza mmoja wa klabuni, John Savage, aliwezesha kuletwa jezi kutoka Nottingham, na zilizofika ni za mistari ya Notts County, klabu ya Uingereza. Edoardo Agnelli alishika urais mwaka 1923, wakati mistari hiyo ina miaka 20 na ubingwa wa kwanza wa Italia, wa 1905, una miaka 18.

Uwanja wa Corso Marsiglia, makao ya klabu kuanzia 1922 hadi 1933, haukutajwa hata kwa jina. Ninajua haupo tena, na sikutarajia kuoneshwa majukwaa. Lakini ndipo yalipoanzia yale mataji matano mfululizo ya 1931 hadi 1935, na aliyelipia ziara ya viwanja vyote ana haki ya kuambiwa hapa ndipo ulipokuwa.

Hayo yote ningeyameza. Lalamiko langu kubwa ni uwanja wa Comunale.

Baba yangu ana umri wa miaka 71. Alianza kuifuata Juventus kwa redio akiwa Tanga, miaka ya 1980, wakati Tanzania Bara haijapata televisheni, na Michel Platini, nyota Mfaransa wa klabu hiyo, alimjua kwa sauti ya mtangazaji kabla ya kumjua kwa sura. Alisafiri kuja kunitembelea na akaomba jambo moja tu, asimame mbele ya uwanja ambao Platini aliuita nyumbani. Uwanja huo ni Comunale, uliofunguliwa 1933 kwa jina la Benito Mussolini na kubadilishiwa jina baada ya vita, na Juventus ilicheza hapo hadi 1990, yaani miaka 57, muda mrefu kuliko makao yake mengine yoyote. Hapo ndipo Marco Tardelli alipofunga bao pekee la mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Athletic Bilbao mwaka 1977, hatua iliyoleta kombe la kwanza la klabu barani Ulaya. Hapo pia, Januari 1985, katika baridi ya theluji, Zbigniew Boniek aliwafunga Liverpool mara mbili na Juventus ikatwaa Super Cup ya Ulaya.

Basi lilipofika hapo lilipunguza mwendo, kiongozi akasema, "Huu ni uwanja wa Torino, si wetu," nasi tukapita. Baba alipoomba kushuka kwa dakika tano, aliambiwa kwamba muda wa dukani ungepungua.

Nilipopiga simu ofisini kwenu mlirudia jibu hilohilo. Ni kweli Torino, klabu nyingine ya mji huo, wanautumia sasa, na tangu 2016 unaitwa Stadio Olimpico Grande Torino kwa heshima ya kikosi chao kilichoangamia katika ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Jina hilo wanalistahili na sina neno nalo. Hata hivyo Juventus yenyewe ilirudi hapo 2006, mwaka iliposhushwa hadi Serie B, daraja la pili la Italia, ikakaa hadi 2011. Ukiufuta uwanja huu katika ziara, sijui historia ya Kibibi Kizee cha Turin, kama Juventus inavyoitwa kwa utani, mnaisimulia kuanzia wapi.

Kuhusu uwanja wa sasa, tuliambiwa ni Delle Alpi uliokarabatiwa. Delle Alpi, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990 na kuchukua watu wapatao 69,000, ulibomolewa. Mashabiki wengi hawakuupenda, kwa sababu njia ya wakimbiaji iliwaweka mbali na nyasi, na mwaka 1995 klabu iliupeleka mchezo wake wa nyumbani wa fainali ya Kombe la UEFA katika uwanja wa San Siro, mjini Milan. Uwanja mpya wa watu zaidi ya 41,000 ulijengwa mahali hapohapo na kufunguliwa tarehe 8 Septemba 2011 kwa mchezo wa kirafiki dhidi ya Notts County, wenye asili ya ile mistari. Kiongozi aliyeijua habari ya jezi asingeacha kuisimulia tukiwa langoni. Makumbusho ya klabu, ambayo tiketi yake ilikuwa ndani ya bei na ambamo wanakumbukwa watu 39 waliokufa katika maafa ya uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka 1985, hatukuingia. Tulipotoka dukani saa ya tiketi zetu ilikuwa imepita.

Kwa hiyo ninaomba nirudishiwe nusu ya nauli ya watu wawili pamoja na thamani yote ya tiketi za makumbusho, na kipeperushi kirekebishwe kabla hamjamuuzia mtu mwingine. Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatanisha risiti, nakala ya kipeperushi, na picha pekee ya Comunale aliyoipata baba, iliyopigwa kupitia kioo cha basi.

Wako,
Mteja wenu