Ngozi inayobaki baada ya kupungua uzito isiitwe urembo

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa za afya za magazeti yetu, likiwamo lako, imekuwa kawaida kukutana na habari ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ikiambatana na picha mbili: ya kwanza akiwa mnene, ya pili akiwa amepungua na amevaa nguo iliyomkaa sawasawa. Sina ugomvi na habari hizo, kwa sababu zimewasaidia wasomaji wengi kujua kwamba unene uliopindukia ni ugonjwa na kwamba unatibika. Ninachoomba nafasi kukieleza ni kile ambacho nguo ya picha ya pili huwa imekifunika, yaani ngozi, na jinsi bima, baadhi ya watoa huduma na hata sisi wagonjwa tulivyozoea kuiweka ngozi hiyo kwenye fungu la urembo, ilhali ni sehemu ya ugonjwa uleule uliotibiwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Ilemela, na nimepitia upasuaji wa aina zote mbili: ule wa kupunguza mfuko wa chakula na, baadaye, ule wa kuondoa ngozi ya tumbo. Naandika sasa kwa sababu huduma za kupunguza uzito, ambazo zamani zilikuwa za wenye uwezo wa kusafiri hadi India, zimeanza kupatikana nchini, Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ikiwa mfano unaofahamika, na kwa sababu vigezo vya kitaalamu navyo vimelegezwa. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walipendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) umefika 40, au 35 iwapo ana maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Watakaofanyiwa upasuaji wataongezeka, na watakaobakiwa na ngozi wataongezeka pamoja nao.

Katika upasuaji unaofanyika zaidi duniani kwa sasa, daktari huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha kifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Pamoja na sehemu hiyo huondoka chanzo kikubwa cha homoni inayoamsha njaa, ndiyo maana mgonjwa hushiba mapema na uzito wake hushuka kwa kasi katika mwaka wa kwanza na nusu. Ngozi haiendi kwa kasi hiyo. Nyuzi zinazoiwezesha kuvutika na kurudi mahali pake huwa zimekwisha kuharibika kwa miaka ya kubeba uzito, na mafuta yaliyokuwa chini yake yakiondoka, ngozi hubaki ikining'inia: tumboni hadi kufunika kinena, wakati mwingine hadi mapajani, mikononi, kifuani, mgongoni na shingoni. Kadiri mtu alivyopungua kilo nyingi na kadiri umri wake ulivyosogea, ndivyo ngozi inavyozidi kubaki. Wapo wanaotangaza mafuta ya kukaza ngozi, kuanzia Makoroboi hapa Mwanza mjini hadi kwenye simu zetu, na wapo walimu wa mazoezi wanaoahidi kwamba tumbo litarudi kwa kukimbia kila asubuhi. Mazoezi hujenga misuli iliyo chini ya ngozi na yana faida nyingi, lakini hayafupishi ngozi, na mafuta ya kupaka yatailainisha tu. Ingefaa waeleze hivyo kabla ya kupokea fedha za watu.

Dada mmoja tunayefahamiana, ambaye naye amebakiwa na ngozi ya tumbo, huuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kazi yake humweka juani tangu asubuhi. Jasho lililo chini ya mkunjo wa tumbo halina pa kutokea. Ngozi hugusana na ngozi, hulowa, huchubuka, fangasi huota, na baada ya muda panakuwa na kidonda kinachotoa majimaji na harufu. Dawa ya kupaka humponya, lakini baada ya majuma machache ugonjwa hurudi, kwa kuwa mkunjo ulioulea bado upo palepale. Yeye husema, kwa utani ulio na uchungu ndani yake, kwamba heri anafanya kazi Mwaloni ambako harufu ya dagaa inamsitiri. Wasiojua humshauri aoge mara nyingi zaidi. Kuoga anaoga; kinachomshinda ni kukauka, maana katika nyumba ya kupanga yenye bafu moja la wapangaji wote hakuna anayeweza kukaa humo akifuta na kupepea kila mkunjo huku wenzake wanasubiri mlangoni na ndoo zao. Kwa mtu ambaye bado ana kisukari, vidonda vya namna hiyo vinaweza kuwa mwanzo wa maambukizi makubwa.

Kwangu mimi taabu ilikuwa darasani pia. Mkono unaoandika ubaoni huinuka, na ngozi iliyo chini yake hutikisika kwa kila neno. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaijua hesabu ya vicheko kuliko ile niliyokuwa nikiwafundisha. Nilivaa mikono mirefu mwaka mzima, hata katika miezi ya joto, na nilizoea. Lililokuwa gumu kuzoea ni maneno ya watu wazima. Huku kwetu mtu aliyenenepa huhesabiwa kuwa anatunzwa, na aliyekonda kwa haraka huhesabiwa kuwa anaumwa, hasa iwapo ngozi ya uso na shingo imelegea. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, alinivuta pembeni msibani akaniambia, “Wifi yangu, dawa siku hizi zinatolewa bure, usijifiche, utakufa na watoto bado wadogo.” Nilimshukuru. Sikuwa na la kumweleza ambalo angeliamini mbele ya shingo yangu.

Nilipoomba bima yangu ilipie upasuaji wa ngozi, nilijibiwa kwamba huduma za urembo hazimo katika mafao. Sikushangaa sana, kwa sababu nilikwisha kuonywa na wenzangu, lakini nilijiuliza neno urembo limepimwa kwa kipimo gani. Mtoto mwenye mdomo sungura akishonwa, sura yake hupendeza, na hakuna anayesema kwamba daktari amemrembesha. Aliyeungua moto na ngozi ya shingo ikajikunja hukatwa na kunyooshwa ili aweze kugeuza kichwa, nayo ikaitwa tiba. Ngozi inayotoa vidonda kila baada ya majuma machache, inayomzuia mtu kutembea bila kusuguana mapaja na inayomlazimisha kununua dawa za fangasi maisha yake yote haina sababu ya kuwekwa fungu moja na kuchonga pua.

Nchi nyingine zimekwisha kulitafutia suala hili mpaka. Ufaransa, bima ya afya ya taifa hugharimia upasuaji wa tumbo iwapo ngozi imeshuka hadi kufunika angalau sehemu ya kinena, na mgonjwa huomba idhini kwanza. Marekani, kampuni nyingi za bima hutenganisha mambo mawili: kukata ngozi inayoning'inia peke yake, na kukata ngozi pamoja na kukaza misuli ya tumbo na kuhamisha kitovu. La kwanza wanaweza kulilipia iwapo ngozi imepita chini ya kinena, uzito umetulia, na kumbukumbu za hospitali zinaonyesha kwamba vipele au vidonda vimetibiwa kwa miezi kadhaa bila kupona. La pili hulihesabu kuwa urembo na kumwachia mwenye nalo. Unaweza kubishana na mpaka huo, na mimi binafsi nauona mkali mno kwa wenye ngozi ya mapaja na mikono, lakini angalau ni mpaka unaopimika na ambao daktari wa wilaya anaweza kuuandikia ripoti.

Najua hoja nitakayojibiwa, kwamba mfuko wa bima hautoshi, kwamba wapo wanaosubiri kusafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa, na kwamba mwenye ngozi iliyolegea hafi. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Siombi kila aliyepungua alipiwe. Ninachoomba ni kigezo kilichoandikwa, ili mwenye vidonda vya kurudiarudia asichanganywe na mwenye kutaka tu kuvaa gauni la kubana, na ili gharama ya kumtibu fangasi mwaka baada ya mwaka, pamoja na siku anazokosa kazini, iwekwe kwenye mizani mmoja na gharama ya upasuaji wa mara moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa nafasi ya kuuliza swali hili wakati kitita cha mafao kinapopangwa na kupitiwa upya. Likishafungwa bila neno, litafungwa kwa miaka mingi.

Nisieleweke kwamba ninaunadi upasuaji huo kama jambo jepesi. Ni mkubwa kuliko ule wa kwanza kwa jinsi unavyouhisi mwilini, kwa sababu ule wa kwanza hufanywa mara nyingi kupitia matundu madogo, na huu huacha mshono unaokwenda kutoka nyonga moja hadi nyingine. Mirija ya kutoa majimaji huachwa mwilini kwa siku kadhaa, na pengine majimaji hujikusanya tena baada ya mirija kutolewa. Mshono unaweza kufumuka, damu inaweza kuganda miguuni na kwenda mapafuni, na sisi watu weusi tuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Mvutaji wa sigara huambiwa aache majuma kadhaa kabla, kwa kuwa sigara huinyima ngozi damu. Kwa kawaida daktari hukubali kukata ngozi baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu upasuaji wa kwanza, na uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa. Anayekatwa mapema akaendelea kupungua atarudi kuwa na ngozi nyingine.

Hapa ndipo chakula kinapoingia. Mfuko mdogo wa chakula haupokei mengi, na mgonjwa asipofuatiliwa huishiwa madini chuma, vitamini B12, kalsiamu na protini, akafika kwenye meza ya upasuaji wa ngozi akiwa na upungufu wa damu na mwili usio na cha kuunganishia jeraha. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, na kipimo cha damu kinatakiwa kila mwaka hata kwa anayejisikia mzima. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna bahati ambayo wengine hawana, kwa sababu sato na dagaa, huyo wa mwisho akiliwa na mifupa yake, humpa mgonjwa protini na kalsiamu katika tonge chache. Taabu ni sahani ya msibani na ya harusini, ambako kula tonge tatu za ugali na kuacha huchukuliwa kuwa dharau kwa mwenyeji. Nimejifunza kusema kwamba tumbo linanisumbua, na huo si uongo.

Baada ya upasuaji wa ngozi mgonjwa hufungwa vazi la kubana, ambalo mama zetu wakiliona watasema ni mkaja wa mzazi, na hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa majuma sita hivi. Ni rahisi kuliandika katazo hilo kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Kwa anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, ambako maji hupandishwa kwa ndoo na ngazi ni miamba yenyewe, katazo hilo maana yake ni kutafuta mtu wa kumhudumia au kuhamia kwa ndugu wa bondeni. Anayetoka Ukerewe atavuka maji kila anapotakiwa kuonyesha mshono, wakati kazi ya kuangalia mrija na kusafisha jeraha ingeweza kufanywa na muuguzi wa kituo cha afya cha karibu naye, iwapo angepewa maelekezo ya maandishi na namba ya kumpigia daktari aliyekata. Wauguzi wetu wanahudumia washonwao kwa uzazi kila siku. Ujuzi wanao, wanachokosa ni taarifa.

Ombi langu la kwanza ni kwa madaktari wanaowaandaa wagonjwa: ngozi itajwe siku ya kwanza, pamoja na gharama yake, ili anayeuza shamba kwa ajili ya upasuaji wa kwanza ajue kwamba huenda kuna wa pili. Ombi la pili ni kwako, Mhariri. Unapochapisha habari nyingine ya mtu aliyepungua, mwandishi wako amuulize kuhusu ngozi yake, anavyoishi nayo, na nani alilipa kama iliondolewa. Kisha awaulize wahusika wa bima ya afya iwapo kuondoa ngozi yenye vidonda vya kurudiarudia kumo katika kitita cha mafao au hakumo, na jibu watakalotoa ulichapishe kama lilivyo, liwe la ndiyo au la hapana, ili tunaosubiri tujue pa kupeleka ripoti za madaktari wetu.

Mwalimu wa sekondari,
Ilemela, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)