Kwenye kamera za nyumbani, ulizeni lenzi, waya na siku za kurekodi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wasomaji wanaojiandaa kufunga kamera za ulinzi majumbani. Ndiyo kazi yetu hapa Dar es Salaam, na inatuuma kuona familia ikijinyima, ikanunua seti ya kamera nane, halafu siku mwizi anapoingia video inaonyesha kofia na kivuli tu. Kamera zilikuwa zinawaka, mashine ilikuwa inarekodi, na bado hakuna uso wa kupeleka polisi. Karibu kila mara kosa lilifanyika dukani: mnunuzi aliulizwa anataka kamera ngapi, hakuulizwa anataka kumtambua nani, akiwa amesimama wapi.

Kutambua uso kuna kipimo chake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la 2014, kinataka pikseli (vitone vinavyounda picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo ili mtu usiyemfahamu atambulike. Zikiwa 125, utamjua mtu uliyekwisha kumzoea. Zikiwa 25, utajua tu kwamba kuna mtu. Sasa chukua kamera ya megapikseli 2, ambayo picha yake ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7. Eneo likiwa pana kuliko hapo, uso umepotea. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja kwenye seti nyingi, inatazama pana sana, zaidi ya nyuzi 100, kiasi kwamba ukienda mita 3 tu kutoka kwenye kamera upana huo umekwisha. Geti la nyumba nyingi liko mita 7 au 8 kutoka barazani.

Wauzaji wengi watakushauri upande hadi megapikseli 4. Kwa lenzi ileile ya 2.8 utapata uso hadi mita 4 hivi, basi. Lakini ukiibakiza ile ya megapikseli 2 na kuchukua lenzi ya milimita 6, ambayo hutazama eneo jembamba zaidi, unafika mita 7 hadi 8, na tofauti ya bei kwa kawaida ni ndogo. Milimita za lenzi huandikwa kwenye boksi au kwenye kibandiko cha kamera yenyewe. Muulize muuzaji, na akishindwa kukujibu nenda duka la pili.

Kwa nyumba ya kawaida yenye geti moja, kamera nne zilizopangwa vizuri zinatosha: ya milimita 6 inayotazama mlango mdogo wa geti, ya 2.8 juu ya mlango wa mbele, moja mlango wa jikoni, na moja upande ambao ukuta ni mfupi au unapakana na kiwanja kitupu. Ile ya kunasa uso isipande juu ya mita 2.5. Mafundi wengi hupenda kuzitundika zote juu kabisa chini ya bati ili zisiguswe, na matokeo yake ni video nzuri za utosi wa watu. Weka juu ile inayotazama pana, na uielekeze ili izione zile za chini, atakayezigusa atarekodiwa.

Kama geti lako linaelekea magharibi, jioni jua litaingia moja kwa moja kwenye lenzi na kila anayeingia atakuwa mweusi. Hapo chagua kamera yenye WDR ya kweli, yaani uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na giza, iliyoandikwa desibeli 120, kisha ingia kwenye menyu uiwashe, maana mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Usiku tatizo ni jingine. Taa za infraredi, zile za kamera za kuonea gizani ambazo mwanga wake macho hayauoni, zikigonga ukuta mweupe au ukingo wa dari ulio karibu, kamera hudhani kuna mwanga mwingi na kufifisha picha yote. Sogeza kamera mbele ya ukingo, au ipindishe kidogo. Buibui nao hufuata wadudu wanaovutwa na taa hizo, na utando mmoja mbele ya lenzi unatosha kukupigia kengele usiku kucha hadi uizime, kisha ndiyo unaibiwa. Pitisha ufagio laini kila baada ya wiki mbili. Kwa walio karibu na bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, epukeni kamera zilizofunikwa bakuli la plastiki. Jua na chumvi hulifanya liwe na ukungu, na taa ya usiku inarudi ndani ya bakuli lenyewe.

Kuhusu waya tunaomba msomaji asome polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. Waya mwingi wa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, hiyo nyingine inageuka nyeupe. Madhara yake yanaonekana usiku. Mchana kamera inakula umeme kidogo, lakini taa za infraredi zikiwaka inaweza kufika nusu ampea. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 wenye urefu wa mita 40, volti 12 zinapungua kwa karibu 1.4, na kamera inavumilia. Aluminiamu ya unene huohuo inapoteza zaidi ya volti 2. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.2, hata ukiwa shaba, unapoteza zaidi ya 3, na hapo kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, saa ileile unayoihitaji. Mwenye nyumba anaambiwa kamera ni mbovu, ananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Pima volti kwenye ncha ya kamera usiku, taa zikiwa zimewaka. Zikiwa chini ya 11, badilisha waya au sogeza adapta karibu.

Njia ya kukwepa adha hiyo ni kamera za IP, yaani za mtandao, zinazopata umeme na mawasiliano kwenye waya mmoja wa mtandao wa Cat6, mfumo uitwao PoE. Umeme unasafiri kwa volti 48 hivi, kwa hiyo upotevu ni mdogo, na unaweza kwenda hadi mita 100. Ni ghali zaidi kuanza, lakini kwa nyumba inayojengwa sasa, wakati paipu za umeme bado zinalazwa ukutani, hatuoni sababu ya kuchagua kingine. Kwa nyumba ambayo tayari ina waya wa zamani wa koaksi (kama ule wa antena ya televisheni) ulio mzima, DVR, yaani mashine ya kurekodi ya waya huo, yenye kamera za HD inatosha kabisa. Viungio vya nje viingie ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, na waya uache kitumbo kabla ya kuingia ili mvua idondoke chini badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kamera za Wi-Fi zina nafasi yake sebuleni au kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Kuta za tofali zikiwa mbili au tatu kati ya kamera na ruta, video itakatikakatika. Zile za umbo la balbu zina kasoro nyingine: yeyote anayezima swichi ya taa anazima ulinzi. Kwa kiwanja cha Kibaha au Kigamboni kisicho na umeme, kamera ya laini ya simu yenye sola inafaa, ila ujue kuitazama moja kwa moja kwa megabiti 1 kwa sekunde kunakula MB 450 kwa saa. Pia nyingi huamshwa na kihisi cha joto la mwili. Mchana wa joto la nyuzi 33 tofauti kati ya mtu na mazingira ni ndogo, hivyo inachelewa kuamka na kurekodi mgongo wa anayeondoka.

Umeme ukikatika je? Kamera nne, mashine na ruta kwa pamoja hula wati 45 hivi. UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ndogo ya VA 650 ina betri moja ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 7, na itashika kama saa moja. Mkato wa usiku mzima unahitaji betri ya Ah 100 pamoja na inveta, ambayo hata ukiitumia nusu tu ili isife mapema inakufikisha kwenye saa 10. Usisahau kuunganisha ruta na kile kiboksi cha faiba, la sivyo video itarekodiwa lakini wewe uliye kazini hutapata taarifa.

Diski nayo hupigiwa hesabu, haikisiwi. Kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde inajaza GB 43 kwa siku. Nne ni GB 173. TB 1 inajaa ndani ya siku sita, kisha mashine inafuta za mwanzo. Aliyekwenda kijijini wiki mbili za Krismasi akirudi akakuta dirisha limevunjwa siku ya pili, hatakuta kitu. Mfumo wa kubana video uitwao H.265 hupunguza ujazo kwa karibu nusu, hivyo TB 2 inakupa wiki tatu. Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kuandika usiku na mchana, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Iliyochomolewa kwenye kompyuta ya zamani haitadumu. Na mashine yenyewe isikae chini ya televisheni sebuleni. Mwizi anayebeba televisheni ataibeba na mashine. Ifungie kwenye kabati lenye matundu ya hewa, chumba asichokifikia kwanza.

Tuseme na habari ya neno la siri. Oktoba 2016 mashambulizi yaliyoangusha tovuti kubwa duniani yalitumia kamera na mashine za kurekodi zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, zikiwa zimetekwa na programu iitwayo Mirai. Badilisha lako siku ya kwanza. Hakikisha pia programu ya simu imesajiliwa kwa namba au barua pepe yako. Fundi akiisajili kwa jina lake, anaendelea kuona ndani ya nyumba yako, na siku mkikosana huwezi kumtoa bila msaada wa mtengenezaji.

Jirani naye ana haki. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Menyu ya mashine ina sehemu ya kuziba eneo la picha. Ziba dirisha na uwanja wa jirani. Mwambie msaidizi wa nyumbani kamera ziko wapi, na chumba chake kisiwe na kamera kamwe.

Tukio likitokea, usirekodi skrini kwa simu na kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama kupima namna ushahidi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Nakili faili halisi kwenye flashi kabla halijafutwa, uwape polisi. Na saa ya mashine iwe sahihi, GMT+3. Video yenye tarehe ya mwaka 2000 itakuletea maswali mengi.

Kabla hujammalizia fundi malipo, subiri giza liingie. Mwambie mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni akiwa amevaa kofia. Zima swichi kuu ya nyumba, uone kama mashine inaendelea. Kisha itafute video ya jana yake saa nane usiku, uicheze mwenyewe bila fundi kushika rimoti. Uso usipoonekana, lenzi ibadilishwe kabla ya fedha kutoka.

Mafundi wa mifumo ya kamera,
Dar es Salaam