Shemeji, jina liache kwanza: barua ya wazi kwa mpelelezi wa usiku

Shemeji, salaam nyingi. Huku hatujambo, mengine tutaongea kwa simu. Hili nimeona niliandike hadharani maana hauko peke yako. Kila anapopotea mtu na ikatoka picha ya mshukiwa asiyejulikana, mnakesha wengi mkiitazama picha ileile, na wengi mnakosea pale pale.

Nianze na ile picha ya bega kwa bega uliyonitumia. Kushoto mtu wa kwenye CCTV, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kulia jamaa mwingine kabisa, anacheka, picha imetolewa kwenye akaunti yake. Duara jekundu sikioni, mshale puani, na chini yake: "Si yeye huyu?" Shemeji, kabla ya kuchora duara kuna hesabu ndogo ya kugawanya, na haihitaji programu yoyote.

Kamera ya kawaida ya 1080 ina pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, 1,920 kwa upana. Kadiria eneo lote linaloonekana pale aliposimama mtu lina upana wa mita ngapi. Tumia kitu unachokijua vipimo vyake: bajaji ina urefu wa mita 2.6 hivi, mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 hadi 90. Kisha gawanya. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili kumtambua mtu usiyemjua, na 125 kumtambua mtu unayemfahamu tayari. Pikseli 25 zinatosha tu kusema "hapa kuna mtu". Sasa, kamera inayomulika mtaa wa upana wa mita 20 inakupa pikseli 96 kwa mita. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo uso mzima umebebwa na pikseli 15. Sikio ulilolizungushia duara ni pikseli tatu! Ili upate pikseli 250 kwa mita, eneo lote linaloonekana lisizidi mita saba na nusu, yaani kamera ya mlangoni au ya kaunta, siyo ya barabarani.

Hapo hatujagusa yaliyoipata picha njiani. Mwenye duka alirekodi skrini kwa simu yake, akamtumia mtu WhatsApp, huyo akapiga skrinshoti, ikarushwa tena. Kila hatua programu inabana faili, inafuta mipaka midogo, na mahali pake inaacha vijisanduku ambavyo macho yenu yanavisoma kama kovu au ndevu. Nimeona mjadala mrefu wa "alama ya shavuni" ambayo ilikuwa kijisanduku cha namna hiyo. Kamera ya usiku nayo inatumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na chini yake nguo nyeusi za nailoni au poliesta mara nyingi hutoka nyeupe au kijivu. Mkimtafuta mwenye koti jeupe mtampita mwenye koti jeusi.

Na tafadhali, usiipitishe kwenye programu ya akili mnemba ya "kusafisha" sura. Programu hizo hazitoi kilichofichika, maana hakuna kilichofichika: pikseli 15 ni 15. Zinachora sura mpya inayoweza kulingana na ukungu ule. Mwaka 2020 programu moja iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha yenye ukungu ya Barack Obama ikatoa sura ya mzungu. Ukiisambaza sura ya aina hiyo umesambaza mtu asiyekuwepo duniani, na kwa bahati mbaya kuna mtu aliyepo anayefanana naye.

Sasa nikupe kesi ambayo kila mpelelezi wa mtandaoni angeijua mwanzo hadi mwisho, ya Delphi, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani. Februari 13, 2017 wasichana wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine 14, walikwenda kutembea kwenye daraja la zamani la reli liitwalo Monon High Bridge. Walipokwenda kuchukuliwa hawakuonekana. Walitafutwa usiku, wakakutwa wameuawa kesho yake mchana. Lakini mmoja wao alikuwa amerekodi kwa simu video ya sekunde 43, na ndani yake kwa mbali anaonekana mwanamume anakuja juu ya daraja: koti la bluu, jinzi, mikono mifukoni, kichwa kimeinama. Polisi walitoa picha yake siku mbili baadaye, na baada ya wiki moja sauti yake akiwaamuru wateremke kilima.

Kwa miaka mitano na zaidi watu walilima ile picha. Walipima urefu wake kwa kuhesabu mataruma ya reli, walibishana kama amevaa kofia au ni nywele, wengine wakadai kaficha mbwa mdogo ndani ya koti. Julai 2017 ulitoka mchoro wa mtu wa makamo. Aprili 2019 ukatoka mchoro mwingine wa kijana, na polisi wenyewe wakasema si mtu yuleyule wa mchoro wa kwanza. Ukiwa na picha hafifu na michoro miwili inayopingana, karibu kila mwanamume mzungu wa Indiana anaingia mahali fulani. Wakaingizwa wengi, kwa majina na mahali pa kazi, mpaka polisi wakaomba watu waache kuweka picha bega kwa bega.

Aliyekuja kushtakiwa alikuwa mfanyakazi wa duka la dawa palepale Delphi. Na siku chache baada ya mauaji, alikuwa amejipeleka mwenyewe kwa ofisa wa wanyamapori na kusema kwamba alasiri ile alikuwa kwenye njia zile za kutembea. Taarifa ikaandikwa. Lakini ilipoingizwa kwenye kumbukumbu, jina la mtaa anakoishi lilikaa mahali pa jina la ukoo, na ikawekewa alama ya kuwa imeshafanyiwa kazi. Ikalala humo kwa miaka mitano na zaidi. Septemba 2022 mama mmoja aliyekuwa akijitolea kupanga maelfu ya taarifa za jalada hilo akaiona, akashangaa mbona mtu huyu hakufuatiliwa, akaipeleka kwa wapelelezi. Oktoba walipekua nyumba na kuchukua bastola yake. Wataalamu wa serikali wakasema risasi ambayo haikufyatuliwa, iliyookotwa karibu na miili, ilipitia kwenye bastola hiyo. Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta na hatia, Desemba akahukumiwa miaka 130. Mawakili wake waliupinga sana ushahidi huo wa risasi pamoja na maungamo yake ya gerezani, na wamekata rufaa.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Picha haikumtaja mtu. Ilitoa nguo, mahali, na saa, na vitu hivyo vitatu vilipata maana vilipokutanishwa na karatasi iliyosema nani alikuwa wapi saa ngapi. Aliyeifumbua kesi ni mpanga majalada. Kwa hiyo shemeji, kama unataka kusaidia, kazi yako ni ya ukarani, na ukarani una namna ya kufanywa.

Kwanza kamera, kwa sababu hazisubiri. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti nne kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Duka lenye kamera nne linakula 173. Kama kisanduku cha kurekodia kina diski ya terabaiti moja, siku ya sita inaanza kuandika juu ya ya kwanza. Ninyi mnabishana kuhusu pua kwa wiki mbili, huku mkanda wa duka la jirani ulishafutika. Ndugu wa aliyepotea akiwa na RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi) mkononi aende mapema kwa kila mwenye kamera kwenye njia ile, amwombe asifute rekodi wala asiiache iandikwe juu, na amweleze mpelelezi orodha ya mahali penye kamera. Mkanda wenyewe achukue polisi, ama utolewe kwenye kisanduku kwenda kwenye flashi katika muundo wake wa asili. Kurekodi skrini kwa simu si kutoa mkanda.

Kabla hamjaondoka, piga picha moja inayoonyesha saa ya kisanduku na saa ya simu yako pamoja. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, visanduku vingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na mwenye duka akipangilia upya anakadiria tu. Kisanduku kikisoma 19:52 wakati simu inasoma 20:06, kiko nyuma dakika 14, basi kila tukio lake ongeza dakika 14. Bila picha hiyo mtamtoa mtu hatiani au kumtia hatiani kwa kosa la saa.

Na kuna kosa letu sisi. Shahidi anasema "saa mbili", mtu anaandika 02:00, mwingine anasoma 14:00, na yeye alimaanisha saa mbili usiku, yaani 20:00. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha pembeni weka tafsiri yako ya saa ishirini na nne. Muulize pia amejuaje: taarifa ya habari ilikuwa imeanza? Adhana ya isha? Muamala wa simu ndio mzuri kuliko vyote, maana ujumbe wake una dakika kamili.

Daftari lako liwe na safu chache tu: saa iliyosemwa, saa iliyosahihishwa, nani aliona kwa macho yake, alikuwa umbali gani, na ushahidi uko wapi. Aliyesikia kwa mwingine usimwandike kama aliyeona. Andika "amesikia", kamtafute aliyeona.

Umbali na mwanga usivione vidogo. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania inataka kujua shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa aina gani, na kama alimfahamu kabla. Hapo ndipo picha zenu za bega kwa bega zinapoharibu kesi kabisa. Shahidi aliyemwona mtu yule kwa sekunde kumi kwenye taa ya duka ana kumbukumbu moja dhaifu. Mkimwonyesha picha ya jamaa mnayemshuku, akilini mwake sura hiyo inakaa juu ya ile aliyoiona. Siku ya gwaride la utambulisho, shahidi anapotakiwa kumchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, atamgusa bega mtu wenu bila kusita, na wakili wa utetezi atauliza swali moja: "Kabla ya leo ulishaonyeshwa picha yake?" Hata kama alikuwa ndiye kweli, gwaride limekufa.

Kuna jambo jingine mnalolipita haraka: huenda hakuna mshukiwa. Januari 27, 2023 mama mmoja alipotea akitembeza mbwa kando ya mto Wyre, Lancashire, Uingereza. Simu yake ilikutwa kwenye benchi ikiwa bado imeunganishwa kwenye mkutano wa kazi. Watu walisafiri mpaka kijijini na kamera zao, wakachungulia nyumba za wenyeji, polisi wakalazimika kutoa amri za kuwaondoa. Februari 19 alikutwa mtoni, na uchunguzi wa Juni ukasema alizama kwa ajali. Na Boston, Marekani, Aprili 2013, wapelelezi wa FBI walipotoa picha za watu wawili wasiojulikana baada ya mabomu ya marathoni, umati mtandaoni ulimtaja mwanafunzi aliyekuwa amepotea tangu mwezi wa tatu. Familia iliyokuwa ikimtafuta kijana wao ikaanza kupokea matusi. Alikutwa amefariki mtoni siku chache baadaye, hakuhusika hata kidogo.

Usidhani nakukataza kabisa. Mwaka 2021 familia moja iliyokuwa ikisafiri Wyoming, Marekani, ilirudia video zake yenyewe, ikaona gari jeupe la msichana aliyekuwa akitafutwa limeegeshwa pale walipopita, ikawapa FBI. Mwili ulikutwa eneo hilo. Walikuwa na kitu chao, mkanda wao, wenye tarehe na mahali.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Utasema hukujua. Lakini ukishaambiwa na mwenyewe kwamba si yeye, na wewe ukaendelea kurusha, utetezi huo unakuwa mwembamba. Ujumbe wa WhatsApp unafutika kwa wote ndani ya siku mbili na nusu, basi ile picha ifute leo.

Ukiwa na kitu cha kweli, kiandike ukurasa mmoja. Juu namba ya RB. Kisha ulichoona au ulichonacho, wapi, saa ngapi, saa hiyo umeihakiki vipi. Aya ya mwisho ndiyo uweke unachodhani, na ukiite hivyo: "nadhani". Faili la picha litume kama dokumenti, si kama picha, au lipeleke kwenye flashi, na la asili libaki kwenye simu bila kukatwa wala kuongezwa mwanga. Namba ya simu iandike wazi, jina lako kamili kwa herufi kubwa, la ukoo mwisho. Mkabidhi mkononi mpelelezi mwenye jalada hilo. Kama hayupo uliza anaingia zamu lini, usiiache kaunta. Baada ya wiki rudi uulize kama imeingia kwenye jalada, na uombe uone jina lako lilivyoandikwa.