Kichujio cha tangi la samaki katika nyumba yenye paka na mbwa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba samaki wako wana afya, ila umenitia wasiwasi uliposema kwamba tangu paka na mbwa waingie nyumbani, maji yanayorudi kwenye tangi kutoka katika kile kichujio cha mkebe kilichomo kabatini yamepungua nguvu, na kwamba umekusudia kukifungua kila wiki na kukiosha chote kwa maji ya bomba. Nakusihi usifanye hivyo.

Naamini kinachoziba njia ya maji ni manyoya. Huelea hewani, hutua juu ya maji, huloa na kuzama, kisha huvutwa hadi ndani ya mkebe na kujisokota katika sponji. Machache yanayopenya mpaka kwenye pampu hujizungusha kwenye mhimili wa impela, yaani kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji, na hapo ndipo mtambo uliokuwa kimya huanza kunguruma. Dawa yake ni kuuvika mdomo wa bomba la kuvutia maji sponji yenye matundu makubwa, ambayo utaitoa na kuikamua mara moja kwa wiki bila kuugusa mkebe. Zima pampu kabla ya kuitoa, la sivyo uchafu wote utavutwa ndani kwa mkupuo mmoja. Ukiufuata utaratibu huo, mkebe wenyewe waweza kukaa mwezi mmoja au hata miwili kabla ya kufunguliwa.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ndani ya mkebe mna uhai. Katika sponji na vile vipande vya kauri huishi bakteria wanaogeuza amonia, itokanayo na samaki wenyewe na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo madhara yake ni madogo na ambayo wewe unaipunguza kila ubadilishapo sehemu ya maji. Amonia na nitriti huweza kuua samaki hata zikiwa kidogo sana. Klorini hutiwa katika maji ya bomba ili iue vijidudu, nayo haiwabagui hawa wanaokufaa. Kwa hiyo chota maji ya tangi katika ndoo, suuza humo sponji peke yake, na vipande vya kauri uviache hadi zamu nyingine. Ukimaliza, mwaga maji hayo mara moja, kwa maana mbwa hataona tofauti kati ya ndoo hiyo na bakuli lake.

Unapofunga, kagua kwa makini ile pete ya mpira iliyo chini ya kifuniko. Unywele mmoja tu ukilala juu yake watosha kufanya maji yavuje usiku kucha. Ifute, ipake grisi ya silikoni kidogo, kisha uusimamishe mkebe ndani ya beseni na kuuacha ufanye kazi kwa muda kabla ya kuurudisha kabatini.

Lakini jambo ninaloliogopa kuliko manyoya ni dawa za viroboto na kupe. Permethrini na fipronili, ambazo hutumika katika dawa nyingi za matone na za kupulizia, ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa uduvi, kwa kuwa uduvi wana ukoo wa mbali na wadudu wanaokusudiwa kuuawa. (Permethrini ya mbwa humdhuru hata paka, basi uwe mwangalifu maradufu.) Siku uliyompaka mnyama dawa, au uliyomshika kabla haijakauka, usitie mkono ndani ya tangi wala usifungue kichujio, mwachie mwingine kazi hiyo au uiahirishe. Dawa ya kupulizia usiitumie kabisa katika chumba hicho, hasa ikiwa una pampu ya hewa, kwani hewa ya chumbani ndiyo inayosukumwa majini.

Mlango wa kabati uwe na komeo, maana paka hupenda kutafuna waya na mipira ya maji. Mpira ukitoboka au kuchomoka, maji yanaweza kuendelea kutoka hadi yafike usawa wa mdomo wa bomba la kuvutia, kwa hiyo usiushushe mdomo huo mpaka sakafu ya tangi. Waya wa umeme uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone litakaloteremka nao lidondoke badala ya kuingia kwenye plagi, na kila mara chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono majini.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, usiwashe kichujio moja kwa moja umeme utakaporudi. Bakteria waliofungiwa humo huwa wameimaliza oksijeni, wengine wamekufa, na maji yaliyolala yamechafuka. Yamwage kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Nijulishe katika barua yako ijayo kama tangi lako lina uduvi au konokono, na ni dawa gani mnayompaka mbwa, ili nikushauri kwa uhakika zaidi.

Ni mimi rafiki yako wa dhati.